Balbu ya enaji seva: nzuri ikiwaka, mzigo ikizima

Makoroboi, katikati ya jiji la Mwanza, palipata jina kutokana na koroboi, vile vibatari vilivyoundwa kwa vyuma na makopo chakavu. Kibatari kikichoka, kopo lilirudi kwa fundi likawa kitu kingine. Leo madukani kunauzwa taa isiyo na marejeo ya namna hiyo: balbu ya kubana matumizi, yenye kioo kilichosokotwa kama springi au kilichokunjwa kama vidole, ambayo kila mtu anaiita enaji seva.

Tathmini hii haihusu chapa moja. Inahusu aina nzima ya balbu hizo kwenye nyumba za kawaida za Mwanza: zinavyokula umeme, zinavyoharibika, na zinavyotakiwa kuondoka nyumbani. Hukumu inatangulia ili mwenye haraka asihangaike. Iliyopo darini na inawaka vizuri, iache imalize siku zake. Iliyopo rafuni dukani, iache hapohapo, chukua LED. Iliyokufa, isiingie kwenye ndoo moja na maganda ya ndizi na miiba ya samaki, kwa kuwa ndani yake mna zebaki, ambayo ni sumu. La tatu ndilo linalokosewa zaidi, na ndilo litakalokula nafasi kubwa hapa.

Uniti kwanza

Globu ya zamani ya uzi, wati 60, hutoa lumeni kama 700 (lumeni ni kipimo cha wingi wa mwanga), na sehemu kubwa ya umeme wake inaishia kuwa joto. Enaji seva ya wati 13 hadi 15 inatoa mwanga huohuo au inazidi kidogo. LED inafika hapo kwa wati 8 au 9. Ukiziwasha saa tano kila usiku kwa siku 30, globu inamaliza uniti 9, enaji seva ya wati 15 inamaliza 2.25, na LED ya wati 9 inamaliza 1.35.

Mteja wa T1, kundi la TANESCO la matumizi ya kawaida, ananunua uniti kwa bei ya msingi ya shilingi 292, ambayo ikishawekewa VAT na tozo za REA na EWURA inafika kama 356. Kwake globu hiyo ni takriban shilingi 3,200 kwa mwezi, enaji seva 800, LED 480. Aliye D1, kundi la matumizi madogo, wa uniti za shilingi 100, analipa kama theluthi ya hizo. Kwa hiyo kutoka globu kwenda enaji seva kulikuwa na pesa ya kweli. Kutoka enaji seva kwenda LED, kwa taa moja, tofauti haifiki bei ya soda. Anayekushauri ung'oe balbu sita nzima leo kwa sababu ya LUKU tu, huyo anauza balbu.

Faida iliyokuwa kubwa kuliko zote haionekani kwenye hesabu ya taa moja. D1 ina mwisho wa uniti 75 kwa mwezi. Nyumba yenye globu sita za wati 60 inamaliza uniti 54 kwa taa peke yake, kabla ya pasi, redio na friji. Taa hizo sita zikiwa za enaji seva zinakula 13.5. Kwa nyumba ndogo za Igoma au Buhongwa, hiyo inaweza kuwa ndiyo tofauti ya kubaki kwenye bei ndogo au kutolewa.

Tahadhari moja kwa aliyekwishanunua au aliyepewa: usiamini maneno "sawa na wati 100" yaliyopigwa chapa kwenye boksi la balbu ya wati 11. Tafuta lumeni. Enaji seva nzuri inatoa lumeni 50 hadi 70 kwa kila wati, basi ya wati 11 itaishia kama lumeni 600, yaani haifikii vizuri hata globu ya wati 60. Boksi lisilotaja lumeni, saa za uhai, wala alama ya Hg yenye kiasi cha zebaki, limeshasema linachotaka kusema.

Mkono unashika wapi

Balbu hizi huvunjika sana mikononi, na chanzo kimoja ni holda ya pini. Balbu ya pini inataka usukume juu, uzungushe kidogo, uiachie. Mtu aliyepanda kiti anashika mahali panapojaa kiganjani, yaani kwenye kioo, kisha anasukuma na kuzungusha kwa pamoja. Kioo kile hakikuumbwa kubeba nguvu hiyo. Kimeunganishwa na kitako kwa gundi tu, na gundi iliyochomwa na joto la miaka mitatu huwa imekauka na kupasuka kama tope la kiangazi. Kitako kinabaki kwenye holda, mirija inazunguka peke yake, na waya nne nyembamba zilizo ndani zinakatika au kioo kinapasuka shingoni.

Zima swichi, subiri dakika kumi na tano ipoe, kisha shika kitako cha plastiki kwa vidole vitatu, karibu kabisa na pini. Ikigoma, usiongeze nguvu; kuna uwezekano springi za holda zimeshika kutu. Zima meni swichi, vua kifuniko cha holda, ishushe pamoja na balbu. Ya kuzungusha ina nafuu, ila sheria ni ileile: kitako, kamwe si kioo.

Kinachoiua kabla ya wakati

Boksi likisema saa 8,000, saa hizo zilihesabiwa kwa mpango maalumu: taa inawashwa saa mbili na dakika 45, inazimwa dakika 15, inarudiwa. Kwa saa tano kila usiku hiyo ni zaidi ya miaka minne. Lakini chooni taa inawashwa mara ishirini kwa siku, dakika tatu tatu. Kila ikiwashwa, uzi ulio kwenye ncha za mrija unapoteza kiasi cha dawa inayorusha elektroni, na ndiyo maana ncha hizo huanza kuwa nyeusi. Dawa ikiisha, taa imekufa hata kama saketi yake ni nzima kabisa. Kwa hiyo enaji seva haifai chooni, stoo wala kwenye ngazi. Ihamishie sebuleni au barazani, ambako ikiwashwa jioni inabaki hivyo. Na ukitoka chumbani kwa chini ya dakika 15, iache iwake.

Adui wa pili ni joto, na hili linagusa saketi, siyo mrija. Ndani ya kitako kuna diodi nne, kapasita moja kubwa, transista mbili na koili. Kapasita hiyo ndiyo dhaifu: kila joto linapopanda nyuzi 10, uhai wake hupungua kama nusu. Balbu inayoning'inia kitako juu inapeleka joto lote la mirija kwenye kitako hicho. Ukiifungia ndani ya bakuli la kioo lisilo na tundu, au ukiitundika kwenye chumba cha bati kisicho na silingi bodi, unaipika kutoka pande mbili. Chumba cha namna hiyo kikae na LED, nayo iachwe wazi, kwa sababu LED pia haipendi kufungiwa.

Halafu kuna wale wadudu wa ziwani. Anayeishi Kirumba, Bwiru au Capri Point anajua zile siku ambapo wingu linanyanyuka juu ya maji kama moshi wa nyasi na jioni ukuta ulio chini ya taa unakuwa mweusi. Enaji seva yenye mwanga mweupe wa kelvini 6500 inawavuta zaidi kuliko ya mwanga wa njano wa 2700. Mizoga yao inajaa kwenye kivuli cha taa ya baraza na kuziba vitundu vya kitako vinavyopitisha hewa. Inashika unyevu, na saketi inapata joto na maji kwa wakati mmoja. Fungua kivuli mara moja kwa mwezi, umeme ukiwa umezimwa, kikung'ute kisha ukipanguse kwa kitambaa kikavu. Taa ya nje isiyo na kivuli cha kuzuia mvua haifai kuwa ya aina hii hata kidogo.

Umeme mdogo wa saa mbili usiku, nyumba zote zikiwa zimewasha, unaonekana haraka kwenye balbu hii. Ikishuka kuelekea volti 170 inaanza kugoma kuwaka au inapepesa huku ncha zikiwa nyekundu. Kuiacha ipepese ni kuimaliza. Zima, jaribu baada ya muda.

Lalamiko la taa inayomwekamweka usiku hali swichi imezimwa lina majibu mawili. Ama swichi ina kile kitaa chekundu cha kuionyesha gizani, ambacho kinapitisha umeme kiduchu. Ama fundi aliweka swichi kwenye nyutro badala ya laivu. La kwanza halina madhara makubwa, badili swichi. La pili ni hatari, kwa kuwa holda inabaki na umeme hata swichi ikiwa imezimwa, na siku ya kubadili balbu kidole kinaweza kugusa pini. Chukua tesita, zima swichi, gusa vituo vya holda ukiwa umesimama juu ya kitu kikavu. Tesita ikiwaka, ita fundi kabla ya jambo lingine lolote. Swichi za kupunguza mwanga nazo hazipatani na balbu hizi, labda boksi liwe limeandikwa kwamba zinakubali.

Kwa anayesomea chini ya taa ya mezani: enaji seva ya mirija mitupu inatoa kiasi kidogo cha mionzi ya urujuanimno. Shirika la kulinda afya la Uingereza (HPA) lilishauri mwaka 2008 kwamba mtu asikae karibu nayo chini ya sentimita 30 kwa zaidi ya saa moja kwa siku. Iliyofunikwa na kioo cha pili cha mviringo haina tatizo hilo.

Dalili za mwisho ni hizi: ncha nyeusi, mwanga wenye rangi ya waridi, mlio wa nyuki, plastiki ya kitako iliyogeuka kahawia. Plastiki na vifaa vya saketi vinavyoungua hutoa harufu inayofanana na samaki aliyekaa, na Mwanza ni rahisi mno kumsingizia dagaa. Ukiisikia harufu hiyo chumba kisicho na samaki, zima taa.

Wapo mafundi wanaopasua kitako na kubadili kapasita au transista, au wanaounganisha uzi uliokatika kwa kipande cha waya ili mrija uendelee kuwaka. La kwanza linawezekana kwa mikono ya mtu anayejua kwamba kapasita ile huhifadhi volti zaidi ya 300 hata balbu ikiwa mezani. La pili ni kununua moto. Na kote kuwili bisibisi inayobandua plastiki inafanya kazi milimita chache kutoka kwenye shingo ya kioo.

Zebaki iliyomo, kwa kipimo chake

Ndani ya mrija kuna gesi ya agoni na zebaki kidogo. Umeme unaisisimua zebaki, zebaki inatoa mionzi isiyoonekana, na ule unga mweupe uliopakwa ndani ya kioo unaigeuza mionzi hiyo kuwa mwanga. Bila zebaki taa haiwaki.

Kiasi chake ni miligramu 5 au chini ya hapo kwa balbu ya kisasa ya nyumbani. Kipimajoto cha zamani cha kioo kilikuwa na kama nusu gramu, yaani mara mia moja. Kwa hiyo balbu moja iliyovunjika si msiba, na hakuna haja ya kukimbia hospitali kwa sababu ya kupita karibu. Tatizo ni mazoea: balbu nyingi, kila mwaka, kwenye shimo lilelile la taka, na kiberiti juu yake.

Kanda ya Ziwa haihitaji kufundishwa zebaki ni nini. Mchimbaji mdogo wa Geita anaichanganya na mchanga wa dhahabu, kisha anauchoma mchanganyiko, zebaki inaruka na dhahabu inabaki. Mvuke ule ndio unaomdhuru. Anayechoma taka uani zikiwa na balbu ndani anafanya kitendo hichohicho, isipokuwa yeye hapati dhahabu. Moto unaiondoa zebaki yote kwa pumzi moja, pamoja na moshi wa plastiki ya kitako.

Njia ya pili ni maji. Taka zinazotupwa mtaroni kwenye vilima vya Mabatini na Igogo zinashuka na mvua, nyingine zinaingia Mto Mirongo, na Mirongo unaishia ziwani. Kwenye tope lisilo na hewa, bakteria huigeuza zebaki kuwa aina inayoingia mwilini mwa viumbe na kubaki humo. Samaki mdogo anaibeba kidogo, anayemla anabeba zaidi, na sangara anakula dagaa na furu maisha yake yote. Mkataba wa kimataifa wa kudhibiti zebaki umepewa jina la Minamata, mji wa Japani ambako ugonjwa wake ulitambuliwa rasmi mwaka 1956 kwa watu waliokula samaki wa ghuba iliyopokea maji ya kiwanda. Kiwanda kile kilimwaga zebaki kwa kiwango kisicholinganishwa na balbu. Njia ambayo zebaki ile ilipitia ndiyo ya kuangalia: maji, samaki, sahani.

Mkataba huo ulianza kutumika Agosti 2017, Tanzania ikauridhia mwaka 2020. Mwaka 2022 nchi wanachama zilikubaliana kwamba enaji seva za nyumbani zenye saketi ndani yake, za wati 30 kushuka chini, zikome kutengenezwa, kuingizwa na kuuzwa nje ya nchi ifikapo 2025. Ndiyo sababu huenda ukazikuta zimepunguzwa bei. Mwenye duka anamaliza mzigo wa zamani, na ukinunua unaubeba wewe.

Ikivunjika ndani

Kosa la kwanza ni ufagio. Fagio la chelewa linautawanya unga hewani na kuvipasua vitone vya zebaki kuwa vidogo zaidi, kisha linabaki na sumu kwenye njiti zake na kuipeleka chumba cha pili. Kosa la pili ni kumwaga maji na kupiga deki, kwa kuwa kila kitu kinaishia mtaroni.

Fanya hivi. Toa watoto chumbani, na paka pia. Zima feni, fungua madirisha na mlango wa nje, funga mlango unaoelekea vyumba vingine, kisha toka mwenyewe kwa dakika kumi. Ukirudi, vaa glavu za mpira au mifuko ya nailoni mikononi, na viatu vinavyofunika vidole. Vipande vikubwa viokote kwa mkono. Vidogo na unga visukume kwa kadi mbili ngumu, hata kadi za mwaliko wa harusi zinafaa, moja ikiwa koleo na nyingine ikiwa kisukumio. Kisha chukua solotepu pana, igandishe sakafuni na kuibandua mpaka isitoe kitu tena. Malizia kwa karatasi ya chooni iliyoloweshwa, panguse kutoka nje kuelekea katikati.

Vyote hivyo, pamoja na kadi, solotepu, karatasi na glavu, viingie kwenye chupa ya kioo yenye kifuniko cha bati, kama ile ya jamu. Mfuko wa nailoni unapitisha mvuke polepole, kwa hiyo ukikosa chupa tumia miwili au mitatu, mmoja ndani ya mwingine, kila mmoja ukiwa umefungwa. Peleka nje mara moja, mbali na dirisha. Nawa mikono kwa sabuni. Madirisha yabaki wazi kwa saa kadhaa.

Penye mkeka wa ukili pana kazi, kwa kuwa unga unaingia kati ya misuko. Tumia solotepu pande zote mbili, kisha uutoe nje ukae kwenye hewa siku kadhaa, bila kuukung'utia mlangoni. Zulia la manyoya, kama eneo lililochafuka ni dogo, kata kipande hicho. Shuka au chandarua kilichoangukiwa na vipande kisiende kwenye beseni la kufulia na nguo nyingine. Kiingie kwenye taka hizohizo. Nguo uliyokuwa umevaa bila kuguswa na vipande inafuliwa kama kawaida.

Kuna dai la zamani kwamba kidonda cha kioo cha tyubu hakiponi. Lilikuwa na msingi wakati unga wa taa hizo ulipokuwa na madini ya beriliamu, yaliyoachwa kutumika mwishoni mwa miaka ya 1940. Leo jeraha hilo linasafishwa kwa maji mengi na kuangaliwa kama kuna kipande kilichobaki ndani.

Ikifa ikiwa nzima

Balbu iliyokufa bila kuvunjika haivujishi kitu. Inaweza kukaa mwaka mzima stoo bila kumdhuru mtu, na hili ndilo linalorahisisha mambo: huna haraka. Rudisha kila moja kwenye boksi lake. Kama boksi lilishatupwa, izungushie gazeti mara mbili na kuisimamisha kitako chini ndani ya katoni imara. Usizilaze moja juu ya nyingine. Katoni likae juu ya kabati ambako mtoto hafiki, siyo jikoni na siyo chini ya kitanda.

Zikifika kumi au ishirini, zitafutie mpokeaji. Kanuni za taka za umeme na elektroniki za mwaka 2021 zinataka anayekusanya taka hizi awe na kibali, basi muulize kibali kabla ya kumkabidhi. Ofisi ya NEMC, baraza la taifa la mazingira, ya Kanda ya Ziwa ipo hapahapa Mwanza na ndiyo mahali pa kuuliza nani ana kibali kwa sasa. Shule, nyumba ya wageni au ofisi yenye balbu mia isiwe na kisingizio: peleka kwa mkupuo, na ubaki na karatasi ya makabidhiano. Majirani wa mtaa mmoja wakikusanya pamoja, safari inakuwa moja.

Mnunuzi wa chuma chakavu si jibu. Anachotaka ni kile kipande cha bati la pini na shaba ya koili, na ili avipate anagonga kioo kwa jiwe palepale alipokaa. Choo cha shimo nacho si jibu. Kwenye miamba ya Mwanza maji ya shimo hupenya nyufa na kutokea chini ya kilima. Na kurushiana tyubu kama mikuki, mchezo wa watoto kwenye majalala, ukomeshwe ukionekana.

Umekwama kabisa, hakuna mpokeaji na katoni limejaa? Uovu mdogo ni kuzipeleka dampo zikiwa zimefungashwa, siyo kuzichoma. Zifunge kwenye mifuko miwili, ndani ya ndoo kuukuu ya rangi yenye kifuniko, bana kifuniko kwa solotepu, na umpe mkusanya taka mkononi, siyo kwenye kiroba cha taka. Gari la taka linakwenda dampo la Buhongwa likiwa limeshindiliwa, na kilicholegea humo kinasagika njiani.

Tyubu ndefu za futi nne zinafuata utaratibu uleule, ila za zamani na nene zina zebaki zaidi ya enaji seva. Zifunge tano tano kwa kamba juu na chini, zilale ndani ya katoni refu. Ukibadili kwenda tyubu ya LED, soma kwanza karatasi yake: nyingine inataka stata itolewe na kuwekwa ile inayokuja kwenye boksi, nyingine inataka choki ing'olewe na waya zipelekwe moja kwa moja. Nyingine zinaingiza umeme upande mmoja tu, na kuzigeuza ni shoti. Fundi aandike kwa maka juu ya fremu alichofanya, kwa sababu atakayekuja baada yake atachomeka tyubu ya zamani.

Maka hiyohiyo iandike pande zote nne za katoni la stoo: TAA ZENYE ZEBAKI, USIVUNJE, USICHOME, pamoja na idadi yake. Asiyejua kilichomo atalikanyaga ili taka nyingine zienee.